Kabla hujalipia hoteli ya ufukweni Bagamoyo, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi

Naanza na safari iliyoharibika mana ndiyo iliyonifundisha hii ya pili. Mwaka jana mimi na mume wangu tulitoka Dar ijumaa jioni kwenda Bagamoyo, ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka mitano, tulijibana miezi minne tukaweka pesa pembeni ili tupate siku mbili za kulala mahali pazuri kwelikweli. Hoteli tuliiona kwenye simu. Zile picha hadi leo nazikumbuka, bahari imefika mpaka kwenye ngazi za mgahawa, maji ya bluu, viti vyeupe, mishumaa mezani, nikamwambia mume wangu hapa hapa. Tukalipa. Tumefika usiku hatukuona kitu, tukala tukalala. Asubuhi saa nne tunatoka kunywa chai tunaangalia mbele, bahari haipo.

Yani haipo. Kuna tope na mchanga wa kijivu, ngalawa zimelala ubavu, watoto wanachokoa kaa, na maji yenyewe ni kamstari kembamba kule mbali. Mume wangu mtu wa Dodoma, bahari kaijulia ukubwani, akaniuliza imeenda wapi. Nikamfuata kijana wa mapokezi, kaka maji yanarudi saa ngapi? Akanijibu "dada yatarudi tu."

Hilo jibu liliniuma kuliko lile tope. Mtu anafanya kazi kwenye hoteli ambayo kila kitu chake, kuanzia jina, bei mpaka picha, kinauzwa kwa ajili ya bahari, alafu hajui bahari yake inarudi saa ngapi. Na mengine yakafuatana hivyohivyo. Bwawa la kuogelea lilikuwa linasafishwa tangu juzi yake na wakati tunalipa hakuna aliyetuambia, jenereta liko nyuma ya dirisha letu na usiku wa pili umeme ukakatika, samaki tumeoda saa moja kaletwa saa tatu na robo, na siku ya kuondoka bili imetoka na kodi juu ya ile bei tuliyoelewana kwenye simu. Jina la hoteli sitalitaja. Siku zetu mbili zinaweza kuwa siku zao mbaya na kuna watu wanakula kupitia pale. Ila niliondoka na donge, pesa ya miezi minne siyo mchezo.

Nilipomsimulia mama alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akaniuliza swali moja. "Mwanangu, mwezi ulikuwa na siku ngapi?"

Mama kazaliwa Kigombe, pale kati ya Tanga na Pangani, babu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Nikahesabu, kumbe ulikuwa mwezi mpevu, tena tulikuwa tumefurahi kabisa tukasema bahati ilioje mwezi mzima juu ya bahari. Mama akasema "Basi hilo ni bamvua. Saa nne asubuhi ya bamvua mlitaka maji ya wapi?"

Sasa hili wengi wetu tuliokulia mjini hatulijui, nalieleza kama mama alivyonieleza. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Na siku hizo za bamvua upande wetu huu maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanapwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Yani ukienda mwezi mpevu ukaamka vizuri, ukanywa chai, ukavaa nguo za kuogelea, saa hiyohiyo ndiyo bahari imeenda zake. Katikati hapo mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu, yanajaa kiasi na kupwa kiasi, na saa zinageuka, maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi wakati wewe unayahitaji. Kama una kalenda ya Kiislamu ukutani huhitaji programu yoyote kwenye simu, tarehe za mwanzo wa mwezi na kuanzia 14 mpaka 17 ni bamvua, tarehe 8, 9, 10 na 22, 23, 24 ni maji mafu. Basi.

Na Bagamoyo hili lina uzito kuliko sehemu nyingine kwa sababu ufukwe wake umelala, mteremko ni mdogo sana, maji yakishuka kidogo tu kwa kina yanarudi nyuma mbali mno. Siyo kasoro ya hoteli fulani, ndiyo pwani yenyewe. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao makuu yao, mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, na sababu mojawapo kubwa ni hiyo hiyo, meli kubwa haziwezi kusogea, maji ni mafupi. Jahazi linaweza kulala kwenye mchanga likasubiri maji, meli haiwezi. Sasa kama serikali nzima ilihama kwa ajili ya kupwa na kujaa, wewe na mimi tunalipiaje laki tatu kwa usiku bila kuuliza?

Mwaka huu wazee wametimiza miaka 40 ya ndoa. Sisi watoto wanne tukachanga. Wazee wanakaa Tanga, Ngamiani, tukadhani watataka kwenda mbali, Zanzibar labda, mama akasema hapana, nataka bahari ila siyo ya Tanga hii naiona kila siku, na baba yenu hajawahi kulala Bagamoyo amepita tu. Baba ni fundi wa reli mstaafu, ana sukari, mama magoti yanamsumbua. Kwaiyo nilijua natafuta nini, hoteli ya kifahari ndiyo, lakini ufahari wa mtu wa miaka sitini na kitu ni mwingine kabisa na ule wa kupiga picha.

Nikachagua tarehe kwanza, kabla ya hoteli. Mwezi wa tisa, kusi linaanza kutulia, mvua hakuna, na wikiendi ambayo mwezi una siku 8 na 9. Hapo ndiyo nikaanza kupiga simu. Sikuandika ujumbe, nilipiga, nataka kusikia sauti ya mtu. Hoteli sita. Swali la kwanza kwa wote lilikuwa moja, tarehe hizi maji yanajaa saa ngapi hapo kwenu?

Wa kwanza akasema maji yapo muda wote. Nikamshukuru nikakata. Wa pili akasema ngoja nimuulize meneja nitakupigia, mpaka leo. Wa tatu akanitumia picha nane. Wa nne akanieleza kuhusu punguzo la wanandoa. Wa tano akacheka akasema dada mimi siyo mvuvi, alinijibu kwa heshima lakini ndo hivyo.

Wa sita ni binti, sauti ya taratibu, akaniambia "subiri kidogo nikuangalizie," nikasikia anafungua daftari. "Jumamosi yatajaa kwenye saa tatu na nusu asubuhi, jumapili yanasogea saa nne na nusu. Ni maji mafu dada, hayaendi mbali, ila jioni kwenye saa kumi yatakuwa yamepwa, hapo wazee watatumia bwawa. Wazee wana umri gani, nikupe vyumba vya chini?"

Jamani. Mimi hata sikuwa nimetaja magoti ya mama. Nikauliza mengine yote niliyojifunza kwa maumivu, bwawa linafanya kazi tarehe hizo, jenereta liko wapi, bei ina kodi ndani au inaongezwa, kuna baa ya jirani inapiga muziki usiku, akanijibu moja moja. Jenereta liko nyuma ya jiko mbali na vyumba. Bei ya Mtanzania shilingi 260,000 kwa chumba cha wawili, chai ya asubuhi ndani yake, kodi ndani yake. Muziki upo jumamosi ukumbi wa jirani mpaka saa sita usiku, vyumba namba fulani vinausikia, hivyo hatanipa. Mtu anayekwambia ubaya wa kwake kabla hujalipa, huyo mpe pesa.

Kwenye kulipa niseme kidogo. Usitume advansi kwa namba ya mtu binafsi hata kama ni meneja, omba lipa namba, ukiingiza inakuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha, jina lilingane na hoteli. Alafu omba waandike kwenye ujumbe bei, kodi, vyumba na tarehe. Sisi tulilipa nusu, tukaandikiwa yote hayo, na siku ya kuondoka bili ilikuwa ileile mpaka shilingi ya mwisho. Uliza pia bei ya raia mana hoteli nyingi za huku zina bei tofauti kwa raia, mkazi na mgeni wa nje, na bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ile ya juu. Na zile nyota tano anazojiandikia mtu kwenye bango zisikupumbaze, hoteli nchini zinapangwa madaraja na wizara ya utalii kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, moja mpaka tano, aliyepangwa ana cheti, mwambie akutumie picha yake.

Tulifika ijumaa saa tisa mchana, wazee walitangulia Dar kwa basi nikawachukua. Njia ya Bunju mpaka Bagamoyo ni kama kilometa 70 ukianzia katikati ya Dar, foleni yako yote iko kabla ya Bunju. Tumepokelewa na madafu, "shikamooni wazee, karibuni nyumbani," na yule binti wa simu mwenyewe ndiye aliyesimama mlangoni. Alimshika mama mkono kwenye ngazi mbili za mapokezi bila kuambiwa.

Vyumba. Paa la makuti juu, chini ni jengo la kawaida la kuta nene, kwaiyo hata kiyoyozi kikizimwa panakalika. Vitanda ni vya Kiswahili vile vya samadari, neti nzima haina hata tundu moja (niliikagua kwa tochi ya simu), mashuka meupe yananukia asmini kwa mbali. Shida ni kitanda kiko juu. Kwa kijana ni uzuri, kwa mama yangu ni mlima. Nikasema, ndani ya dakika kumi kikaja kigoda imara, siyo kiti cha plastiki, na kikabaki hapo siku zote. Mshale wa kibla upo kwenye dari, miswala ukiomba unaletewa. Maji ya bombani ni ya kisima yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu vizuri, walitueleza mapema na wakaweka ndoo ya maji yasiyo na chumvi kwa ajili ya kusuuza. Maji ya moto yalikuwepo muda wote. Kilichoniudhi ni sakafu ya bafuni, vigae vinateleza na hakuna pa kushika, hoteli ya bei hii inayopokea wazee ilipaswa kuwa na chuma ukutani na zulia la mpira. Nilimwambia meneja akaandika. Sijui kama atafanya lakini aliandika mbele yangu.

Chakula sasa, hapa nitakaa kidogo.

Wengi wakija Bagamoyo wanalalamika maji siyo bluu kama ya Nungwi kule Zanzibar. Ni kweli siyo bluu, yana rangi ya chai ya maziwa siku nyingine, na sababu yake ni mto Ruvu unaomwaga baharini hapo kaskazini ya mji, na juu zaidi kuna Wami, mito inaleta udongo. Ukiona picha ya Bagamoyo yenye maji ya bluu kama ya Nungwi jiulize ilipigwa wapi. Lakini udongo huohuo na ile mikoko ya mdomoni mwa mto ndiyo nyumba ya kamba. Kwaiyo mahali ambapo bahari haikupi rangi inakupa kamba, na hoteli inayojielewa haikuuzii rangi inakuuzia kamba. Hawa wetu wanajielewa. Saa nne asubuhi mhudumu anapita na daftari anauliza usiku mtakula nini, nikadhani ni usumbufu, kumbe ndiyo siri, wanakwenda kununua sokoni pale ufukweni kadiri ya oda, hakuna cha kukaa kwenye friza wiki mbili na hakuna cha kusubiri masaa mawili. Tumeketi saa moja na nusu, saa mbili kasoro chakula kiko mezani.

Kamba wa kuchoma wakubwa, ndimu, pilipili pembeni, ganda linavutika lenyewe. Sahani 25,000. Pweza wa nazi alikuwa laini hadi baba akauliza mnampigaje, wakamwita mpishi, mama mtu mzima, wakaanza mazungumzo ya pweza na mama yangu hapo nusu saa nzima nani anapiga jiweni nani anachemsha na papai bichi. Wali wa nazi mzuri, tui zito. Kwa sababu ya sukari ya baba niliomba ugali wa dona na mboga za majani zisizo na nazi, wakampikia mchicha na bamia, hawakuongeza bei. Asubuhi kuna mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati, maharage ya nazi, supu ya samaki, matunda, na vile vya boksi kwa wanaovitaka. Doa moja, chai ni ya pakiti na maji moto kwenye chupa, Bagamoyo jamani, pwani ya viungo, unatoaje chai ya pakiti. Mama alisema kwa upole tu "mwanangu hamna tangawizi?" kesho yake kulikuwa na birika la chai ya tangawizi na iliki kwa ajili ya meza yetu. Ningependa liwe kwa meza zote.

Jumamosi asubuhi saa tatu tumeshuka ufukweni, na maji yalikuwepo. Saa tatu na nusu kama daftari lilivyosema. Mama aliingia na dera lake na mtandio, kaka yangu kushoto mimi kulia, yakamfika kiunoni, akasimama. Hakuogelea. Alisimama tu macho amefumba muda mrefu, akaniambia maji mafu hayana hasira, magoti yangu hayaumi humu. Baba alibaki kwenye kiti anamwangalia. Mimi hiyo dakika ndiyo niliyoilipia, mengine yote ni nyongeza.

Ngazi za kushukia ufukweni ni mawe hazina pa kushika, waziangalie. Bwawa safi, lakini kina hakijaandikwa popote na hakuna mtu wa kuangalia watoto, mwenye mtoto asitoe jicho. Waifai inashika mapokezi tu, kwangu sawa. Jua likizama mlinzi anatembea na wageni wanaotaka kupita ufukweni, na walituambia wazi msitembee wenyewe na simu mkononi giza likiingia, nikapenda kuambiwa ukweli.

Mchana wa jumamosi walitutafutia kijana wa kututembeza, anatoka hapohapo mjini Dunda, bajaji mbili. Tumepita Boma la Wajerumani la 1897, Mtaa wa India na milango yake, alafu Misheni iliyoanza 1868. Pale kuna mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwezi wa pili mwaka 1874 baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kutoka bara, na kijana akasema ulilala pale usiku mmoja kusubiri maji yajae ndipo upelekwe Zanzibar. Mama akanigeuzia uso, hakusema kitu, sote wawili tulielewa. Kaole tulikwenda jumapili, ni kama kilometa 5 kusini, msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya minara, na ukisimama pale unaona mikoko imekaa mahali palipokuwa na bandari. Baba alikaa kivulini akasoma fatiha. Hoteli haikuchukua cha juu kwenye matembezi, tulimlipa kijana mwenyewe mkononi, na hilo nalo ni la kuulizia, sehemu nyingine nimesikia safari hiyohiyo inauzwa mara tatu.

Jumapili mchana muziki wa ngoma ulisikika kwa mbali, wanafunzi wa TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wanafanya mazoezi. Kama unataka ukimya usiende wakati wa tamasha lao la kila mwaka, vyumba vinajaa na bei zinapanda, kama unapenda ngoma nenda wakati huohuo ila lipia mapema. Masika, mwezi wa nne na wa tano, mimi nisingeenda, mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli za ukanda huu kuelekea Saadani na Pangani zinafunga kabisa. Kaskazi kuanzia Disemba mpaka mwezi wa tatu bahari inapendeza lakini joto lake ni la kutafuta kiyoyozi kweli, kwaiyo hapo swali la jenereta linakuwa swali la kwanza.

Kwa watu wa Tanga wanaouliza kwa nini tumekwenda mbali wakati Pangani ipo, ni kweli ipo. Ushongo ni pazuri, mchanga mweupe, minazi, vibanda vya kifahari vichache vichache siyo maghorofa, ukitokea Pangani mjini unavuka mto kwenda Bweni ndiyo unaendelea. Na utulivu wa kule Bagamoyo haina. Kinachobadilika ni jinsi ya kuhesabu mwezi. Bagamoyo unafuata maji mafu ili uogelee asubuhi, Pangani kama unataka kwenda kisiwa cha Maziwe unafuata bamvua, kwa sababu Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa kinafunikwa chote, yakipwa kinatokea cheupe katikati ya bahari na matumbawe pembeni. Hoteli za kule zikikuuzia safari ya Maziwe uliza tarehe na saa, wanaojua watakwambia wenyewe siku hiyo hapana njoo kesho. Mama anasema alipokuwa msichana kisiwa kile kilikuwa na mivinje mirefu, wavuvi walikuwa wanapumzika kivulini. Mivinje imekwenda na bahari.

Kwa jumla tulilipa 1,040,000 kwa vyumba viwili usiku mbili, chakula cha usiku na matembezi yametugharimu kama 380,000 nyingine kwa watu watano, kaka yangu alilala kwa ndugu yake wa Magomeni ya hapohapo Bagamoyo kwaiyo hayumo kwenye malazi. Ile hoteli ya mwaka jana ilikuwa 310,000 kwa usiku kabla ya kodi waliyoiongeza. Kwa hiyo siyo kwamba nililipa zaidi ndiyo nikapata zaidi.

Tukiwa kwenye gari kurudi, hata Mapinga hatujafika, mama kanyamaza anahesabu kwa vidole. Nikamuuliza unahesabu nini mama. Akasema mwezi ujao tarehe 14 inaangukia jumamosi, maji yanapwa kwenye saa nne, mtupeleke Maziwe na baba yenu, tutakikuta.